Kitufe Kikubwa cha Buluu

Jumapili, 21 Julai

Reijo ameposti tena. Boti lake la sauna. Picha ileile ya juzi, ila safari hii jua liko upande wa kushoto. Mioyo tisini na sita! Kijiji chetu hakina hata watu tisini na sita, labda uwahesabu na wa makaburini. Helvi akaniuliza nachakura nini kwenye simu asubuhi yote. Nikamwambia natazama hali ya hewa.

Huyu Reijo Moilanen ni jirani yangu, ng'ambo ya ziwa. Tumeishi vizuri miaka mingi kwa sababu tulikuwa hatuongei. Ukimkuta kwenye masanduku ya barua unatikisa kichwa, naye anatikisa, basi, ujirani umekamilika. Halafu mwenyekiti wa kijiji akatuingiza sote kwenye ule mtandao wa picha. Sasa kila nikinywa kahawa namwona Reijo amevaa taulo. Sikumwomba mtu yeyote jambo hilo.

Picha yangu ya lundo la kuni ilipata mioyo mitatu. Mmoja nilijipa mwenyewe, kidole kiliteleza. Na lundo lile nimelipanga kwa kamba na pimamaji! Tena mtandao ulilikata juu na chini, likaonekana kama kuni za mtu mvivu. Watu hawana macho.

Lakini lakka zinaiva, yale matunda madogo ya rangi ya asali yanayoota kinamasini. Na lakka nzuri kuliko zote huku kwetu zinaota kwenye kinamasi kimoja ninachokijua mimi na dada yangu Aune tu. Hata Helvi hakijui, na ni mke wangu tangu enzi za simu za waya. Sheria inamruhusu kila mtu kuchuma matunda popote msituni, kwa hiyo uzio wetu ni mmoja tu, mdomo uliofungwa. Mama alimwonyesha Aune, Aune akanionyesha mimi. Na kipo cha pili. Kikubwa zaidi. Hicho Aune hajaniambia kiko wapi. Yupo nyumba ya wazee mjini, miguu imemwisha, kichwa kizima. Amesema mwaka huu nikimpelekea ndoo ya kwanza kama kawaida, ataniambia. Amesema hana nyumba, hana mtoto, ana vinamasi viwili, na hataki kwenda navyo kaburini.

Kesho nakwenda kuchuma. Ndoo ni ya Aune. Picha ni ya Reijo.

Jumatatu, 22 Julai

Nimetoka alfajiri. Kama desturi, nikaelekea kusini kwanza, ili mwenye kuchungulia dirishani ajue naenda kusini. Nilipofika kwenye jukwaa la zamani la kuwekea makopo ya maziwa barabarani nikakata msituni, nikazunguka ziwa, nikatokea nyuma ya ufuko wa Reijo. Hapo nilisimama kidogo. Dema lake la samaki lilikuwa limekaa vibaya majini, nikalikagua. Jirani mwema hukagua.

Kinamasi kilikuwa cha rangi ya asali, kote, mpaka kwenye vijiti vya misonobari ya mwisho. Mbu walinila uso mzima na sikujali. Nilimkumbuka Mama akiwa ameinama pale na kitambaa chake cheupe. Roho ilinitulia kabisa. Kisha nikamkumbuka Reijo na taulo lake, nikatoa simu.

Mimi si mjinga. Nilipiga picha kutoka juu, ndoo tu. Hakuna mti, hakuna anga, hakuna kilima. Hata gambuti zangu nilizisogeza pembeni, maana Reijo ni mtu wa kusoma tope. Mpelelezi angekaa na picha ile mpaka astaafu.

Jioni, kuposti. Balaa! Programu imejibadilisha yenyewe usiku. Mshale wa kutuma, uliokuwa chini kulia, umehama. Mahali pake wameweka kitufe cha kununua chupi za sufu. Nilikaribia kununua sita. Mshale wenyewe nimeukuta katikati, umevaa umbo la ndege ya karatasi. Nani aliwaambia wauhamishe? Mtu akija kwangu usiku akahamisha mlango, namwita polisi.

Nikabonyeza ndege. Swali likatokea: ungependa kushirikisha yote? Chini yake kitufe kikubwa cha buluu, upana wa kioo kizima: NDIYO, YOTE! Na chini kabisa, kwa rangi ya kijivu na herufi za kutafuta kwa miwani ya Helvi: labda baadaye. Neno hapana halipo. Nikafikiri. Yote maana yake nini? Maana yake picha nzima bila kukatwa, si kama walivyolifanya lundo langu la kuni. Wamejirekebisha, nikasema, hongera zao. Nikabonyeza buluu. Maputo ya rangi yakaruka kwenye kioo. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani.

Jumanne, 23 Julai

Mioyo! Mioyo kama mvua! Kabla ya kahawa nimeshampita Reijo. Adhuhuri nimempita mara mbili.

Na wa kwanza kabisa ni Aune. Wale watu wa nyumba ya wazee wamempa kishikwambi, na mtandao unamweka mbele kwenye safu ya nyuso zangu kwa kuwa ndiye ninayempigia simu. Katuma moyo. Mwekundu. Aune, ambaye siku ya harusi yangu alinisifia viatu tu! Nimemwonyesha Helvi. Helvi akasema peleka ndoo leo, mama wa watu anangoja. Nikasema kesho, leo jua la jioni litakuwa zuri, nataka picha ya pili.

Maoni ni ya ajabu kidogo. Watu wengi wanaandika asante. Asante kwa kushirikisha. Asante kwa moyo wako mkunjufu. Mwanamke mmoja nisiyemjua, wa kule kusini, ameandika kwamba watu kama mimi wamebaki wachache. Ni kweli, lakini amejuaje?

Reijo hakutuma moyo. Ameandika neno moja: Nimeona. Ha! Nimelisoma mara nyingi. Neno la mtu aliyeshindwa.

Jioni niliiweka ndoo kwenye ngazi ya sauna ili ipate mwanga. Nikaingia ndani mara moja tu kusoma maoni mapya. Yalikuwa mengi, mengine marefu. Nilipotoka, kunguru walikuwa wamemaliza. Mmoja alikuwa amekaa ndani ya ndoo, ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Si neno. Kinamasi kimejaa. Kesho nachuma nyingine.

Jumatano, 24 Julai

Siwezi kuandika.

Naandika. Magari! Barabara yetu ya msituni, ambayo hata mtu wa posta huigeuzia mgongo, ilikuwa na magari pande zote mbili. Gari moja la kulala lenye mapazia. Watoto. Mbwa mwenye koti! Na kwenye kinamasi cha Mama, watu wameinama kila mahali kama siku ya kuvuna viazi. Hakukuwa na rangi ya asali. Kulikuwa na tope na nyayo. Wamechuma hata nyekundu ngumu ambazo hazijaiva, na hilo halifanyi mtu aliyelelewa.

Baba mmoja mwenye kofia mpya akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Akapaza sauti: huyu hapa, ndiye Tauno mwenyewe! Wakaja. Wakanishika mkono. Mke wake akataka kupiga picha na mimi. Nilipiga. Sijui kwa nini, nadhani nilizirai nikiwa wima.

Nikamwomba anionyeshe simu yake. Kumbe yote maana yake ni yote. Ramani. Mstari wa buluu kutoka mlangoni kwangu. Unaenda kusini, unageuka kwa aibu kwenye jukwaa la maziwa, unazunguka ziwa, unafika kinamasini. Chini wameandika: njia ya kuvutia! Na kila niliposimama pana duara, na nilipokaa zaidi duara ni kubwa zaidi. Dogo nyuma ya jiwe, ambako nilijisaidia. Na moja kubwa, nono, la kuonekana toka mwezini, kwenye dema la Reijo. Juu yake: Tauno alipumzika hapa.

Ndipo nikaelewa neno la Reijo.

Nilirudi na ndoo tupu kupitia njia kuu, mchana kweupe. Kwani kujificha kuna faida gani tena? Kinamasi kile Mama alikifundisha kwa kunong'ona. Mimi nimekitangaza kwa maputo.

Lakini Aune ametuma moyo! Nimeangalia tena. Bado upo. Kumbe hajali. Au hajaifungua ramani. Ndoo ndiyo ya muhimu. Nikimfikishia ndoo, kinamasi cha pili ni changu, na hicho sitakipiga picha hata kwa mtutu wa bunduki.

Alhamisi, 25 Julai

Nimejaribu kufuta. Kitufe cha kushirikisha ni kikubwa kama mlango wa zizi. Kitufe cha kufuta kiko nyuma ya vidoti vitatu, nyuma ya gurudumu la meno, nyuma ya ukurasa wa maneno ya wanasheria. Nilipokifikia kikauliza kama nina hakika, maana rafiki zangu watasikitika. Wakaonyesha nyuso zao. Reijo alikuwepo, ametabasamu.

Nikafuta. Picha ikaondoka. Mstari ukabaki! Eti watu wameshauhifadhi, na sasa safari yangu ni mali ya jamii. Nimefuta ndoo, nimeacha njia.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu mwanzoni. Nikauliza ni nani aliyekaa ofisini na kahawa yake akaamua kwamba neno hapana halihitajiki. Nikauliza kama na yeye ana mama. Nikauliza kama kwake chooni kuna mlango, au kuna kitufe cha buluu. Jibu lilifika kabla sijavua miwani. Asante, Tauno, maoni yako ni hazina! Ungependa kushirikisha maoni haya na rafiki zako? Kitufe cha buluu. Nikagundua kidole changu kinakwenda chenyewe. Nikakikalia.

Halafu, wazo. Zuri! Kama ramani inawaleta watu, basi ramani itawapeleka. Nimechukua simu, nikazunguka hadi nyuma ya choo cha nje cha Reijo, kwenye lile bonde lake lenye maji ya kutu ambalo halijawahi kuota kitu isipokuwa mbu. Nikasimama pale muda mrefu ili duara linenepe. Nikaposti: kinamasi kipya, bora kuliko cha kwanza. Buluu. Ndiyo, yote. Kinamasi cha Mama kitapumzika, na Reijo atawapata watu wenye ndoo mlangoni kwa choo chake akiwa na taulo. Nilicheka njia nzima. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 26 Julai

Wamekwenda kwa Reijo. Wote. Hata gari lenye mapazia. Nilikaa dirishani na darubini nikingoja kelele.

Hakuna kelele. Reijo ametoa meza. Ameweka birika la kahawa, ametandika mikate ya iliki, na bango: sauna ya botini, karibuni. Walipokosa lakka wakaingia sauna. Wakaruka ziwani wakipiga yowe. Jioni ameposti shukrani, jina langu hapo mbele kwa herufi nene, eti jirani yangu mpendwa ameniletea wageni. Mioyo yake nimekataa kuihesabu. Ni mingi mno.

Kisha akaja. Mlangoni kwangu! Hajawahi kufika tangu tulipogombana juu ya mti ulioanguka. Mkononi ana samaki, mrefu, mwenye meno, amefungwa kwa gazeti. Akasema ameona nawapenda samaki wa dema lake, sasa nisijisumbue kutembea, atakuwa ananiletea mwenyewe. Alisema kwa upole. Afadhali angenipiga na samaki huyo.

Helvi akamkaribisha kahawa. Akakubali. Tulikaa watatu bila kusema kitu, kama watu wastaarabu, ila mimi nilikuwa naungua masikio. Alipoondoka Helvi akauliza ni mara ngapi. Nikasema mara ngapi nini. Akasema dema, mzee, dema. Nikasema nilikuwa nakagua. Akaanza kumpara samaki magamba, kwa nguvu.

Jumamosi, 27 Julai

Kinamasini hakuna kitu. Nilitambaa asubuhi nzima nikapata za kujaza kikombe, nusu zimekanyagwa. Na kesho ni siku ya kumwona Aune.

Nikaenda sokoni mjini. Kijana wa kike mwenye shanga alikuwa na lakka nzuri, kubwa, za asali hasa. Bei ya kumkufuru Mungu. Nikauliza kwa nini ghali. Akasema hizi si lakka za kawaida, baba, hizi ni za Kinamasi cha Tauno. Akanionyesha kadibodi. Ameandika hivyohivyo. Akasema siku hizi hata ramani inakiita hivyo.

Nimenunua. Nimezinunua lakka za mama yangu, sokoni, kwa mgeni, na nikasema asante. Alinifungia vizuri. Akaniuliza kama ningependa kuacha maoni mtandaoni.

Lakini niseme ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Jina langu kwenye ramani! Reijo hana hata kichuguu kilichoitwa kwa jina lake. Nililiangalia jina lile garini kwa muda mrefu, nikajisikia vibaya sana, na chini ya ule ubaya, raha kidogo.

Nyumbani nikazimimina kwenye ndoo yetu ya zamani. Nikatia majani mawili matatu, kitita kidogo cha manyasi ya kinamasi, na mbu mmoja aliyekufa. Mbu ndiye uthibitisho. Hakuna mtu atakayejua.

Jumapili, 28 Julai

Aune alikuwa kitini, dirishani, nywele zimechanwa. Nikaweka ndoo magotini kwake. Helvi alisimama nyuma yangu. Nikasema Dada, ndoo ya kwanza, kama kawaida.

Alimtoa mbu, akamweka pembeni kwenye sahani ya kikombe. Alichukua lakka moja, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole akitazama nje. Akaniuliza nimenunua kwa bei gani.

Nilijitetea. Sikumbuki kwa maneno gani, yalikuwa mengi. Mwishoni nikasema, lakini Dada, wewe mwenyewe ulituma moyo! Wa kwanza kabisa! Akasema hakutaka moyo. Alitaka ule uso wa hasira. Akasema vile viuso wamevipanga karibukaribu kama vifungo vya shati la mtoto, na kidole chake kinatetemeka. Alijaribu kuusahihisha jioni nzima. Akakosea, akamtumia Reijo moyo mwingine. Alimwita muuguzi, muuguzi akasema mbona ni moyo mzuri tu, bibi, uache.

Kwa hiyo siku zote zile nilikuwa nategemea kidole kilichokosa. Nilitaka sakafu ifunguke.

Aune hakulia. Hakupaza sauti. Alisema Mama alinyamaza vita vyote, akanyamaza njaa yote, polisi walikuja akanyamaza, na mimi nimeshindwa kunyamaza Jumatatu moja. Kisha akasema hana kitu kingine cha kuniachia. Kilikuwa hicho tu.

Akaniambia nikachukue kahawa ya mashine kule kwenye ukumbi. Nikasema sitaki kahawa. Akasema kachukue. Akamwambia Helvi abaki na afunge mlango.

Nimeweka sikio. Milango ya nyumba ile ni minene, ya kuzuia moto. Nilisikia sauti ya Helvi mara moja tu, akisema sawa, wifi, nimeelewa. Mimi ndiye mtoto wa mama yule! Helvi ni mtu wa kuolewa, katokea kijiji cha mbali ambako hata uyoga hawaujui!

Garini nikauliza walikuwa wanaongea nini. Helvi akasema soksi. Aune anataka soksi za sufu, kisigino mara mbili. Nikauliza soksi zinahitaji mlango kufungwa? Akasema, za Aune, ndiyo.

Jumatano, 31 Julai

Juzi Helvi alileta ndoo mbili. Mbili! Zimejaa hadi mkono haupiti. Kubwa kuliko za kwetu, za rangi ya jua la jioni, kila moja imekaa peke yake kama malkia. Alitoka na mtumbwi akaelekea magharibi, akarudi akitokea mashariki. Nani kamfundisha hayo? Ndoo moja ameshampelekea Aune, kwa basi, bila mimi.

Nikamuuliza kwa upole ni wapi. Akasema alikuwa anatembea. Nikamwambia mimi ni mume wake. Akasema anajua, ndiyo maana.

Kwa miaka yote hii ni mimi niliyemjibu hivyo, kila Julai. Sikujua kwamba jibu lile linauma.

Jana nilimfuata kwa mbali, kwa siri kabisa. Akakaa kwenye kisiki, akatoa sufu, akaanza kufuma. Nililala nyuma ya mti, mbu wakanila mpaka nikavimba jicho. Akafuma soksi nzima. Alipomaliza akasema, bila kugeuka, twende nyumbani, Tauno, utaugua.

Ana simu ya vibonye. Haina ramani, haina mioyo, haina chochote. Mwanzoni nilimcheka.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimepata. Nashangaa kwa nini sikufikiri mapema.

Simu yangu mwenyewe! Imo chini kabisa ya kikapu cha Helvi, chini ya chupa ya kahawa, imefungwa kwenye soksi ya Aune iliyobaki. Inatembea naye. Mimi nimekaa nyumbani kwenye kompyuta ya zamani, kwenye mtandao uleule, namwona kwenye ramani. Yeye atanyamaza anavyotaka, na bado nitajua. Kinamasi kilikuwa haki yangu. Narudisha tu kilicho changu, na safari hii kwa siri.

Na sikukurupuka! Nimejifunza. Nilisoma kila neno kabla ya kuitia kikapuni, kwa miwani ya Helvi. Programu imejibadilisha tena, ndege ya karatasi sasa ni upinde wa mvua, sikujali. Ikauliza nani aone safari hii. Nikatafuta, nikashuka, nikashuka zaidi, nikapata kwa kijivu: mimi peke yangu. Nikaligusa. Alama ya ndiyo ikatokea. Niliangalia mara mbili.

Kisha ikauliza swali moja la mwisho: ungependa tutumie chaguo ulilotumia mara iliyopita? Kitufe kikubwa cha buluu. Nikafikiri. Chaguo langu la mara iliyopita ndilo hilo nimelichagua sasa hivi. Safi. Nikabonyeza. Maputo.

Nukta ya buluu imeondoka gatini. Magharibi kwanza, mjanja yule. Sasa imegeuka nyuma ya kisiwa. Sasa imefika ng'ambo, inapanda. Inapita pale penye miamba, ambapo sisi sote hudhani hakuna kitu. Ninavyoandika imesimama. Duara linanenepa. Ni pale! Miaka yote hii, ni pale!

Machozi yamenitoka, siyaonei haya. Mama alisimama pale.

Kuna magari barabarani. Jumamosi, watu wanatembea. Gari lenye mapazia limepita dirishani kwangu, na boti la Reijo limewasha moshi, naona linaelekea magharibi likiwa na abiria. Bahati mbaya, siku nzuri kama hii wangekaa sauna.

Na mioyo imeanza. Sikuiomba, inapanda yenyewe kutoka chini ya ramani. Sijui inatoka wapi, lakini nimempita Reijo na tisini na sita yake, na saa sita bado.

Wa kwanza kabisa ni wa Aune. Kisha wa pili, wake pia. Wa tatu, wa nne, wa tano, mfululizo, wote wake, haupoi hata mmoja kabla ya mwingine kufika. Amenisamehe, dada yangu.